Honi ya Lori Jipya

Tajiri alimwachia Shekiondo, dereva wake wa safari ndefu, achague lori jipya mwenyewe. Shekiondo hakufungua boneti wala kukagua tairi. Alipanda kila lori, akapiga honi, akashuka akitikisa kichwa.

"Mzee wangu, injini huitazami?" muuzaji akauliza.

"Mke wangu akiisikia honi yangu kule mlimani, anabandika maji. Nikifika, naoga."

"Basi mlete achague mwenyewe."

"Wamemzika juzi. Nilikuwa mpakani na mzigo."

Akapanda lori la mwisho. Honi ikalia nzito, ikakwaruza mwishoni, sauti ileile ya lori lake kuukuu. Akaiachia, akatega sikio, kama mtu anayesubiri ndoo itue mlangoni pa bafu.