Shahidi wa Mkumbara

Yusra hakubisha hodi, wala shikamoo hakuitoa. Alisukuma mlango wa bati, akamkuta kikongwe peke yake uani, anapukuchua mahindi.

"Wewe ndiye Tatu binti Mhina?"

Mikono ya kikongwe ikasimama. "Nani anauliza?"

"Mjukuu wa Isihaka. Yule uliyemtia kitanzini."

Miaka kumi na tisa Yusra alikuwa mpelelezi wa polisi Handeni, na hakuna kesi iliyomchoma kama hii. Bibi yake Hamisa, mjane wa Isihaka huko Kwamsisi, alimlea kwa uji na chuki: mwaka 1957, kwenye shamba la mkonge Korogwe, meneja wa Kizungu aliyekuwa akiwasumbua wake za vibarua alikatwa panga. Mtoto wa mpishi akaapa mahakamani kwamba alimwona Isihaka. Isihaka akanyongwa.

"Nitafutie huyo mtoto," Hamisa alisema mwaka huu, alipoanza kuugua. "Nisife kabla yake."

Yusra akalichimbua faili la kesi, akapata jina. Vibarua wazee wa Korogwe wakamwambia kuwa Tatu aliolewa Mkumbara, na tangu hapo hajakanyaga kwao tena.

Sasa aliwasha simu irekodi. Alitaka Kwamsisi nzima isikie.

"Ulidanganya mahakama. Sema!"

"Nilidanganya," Tatu akajibu.

Yusra alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Akamsogelea. "Wazungu walikupa nini?"

"Hawakunipa kitu. Babu yako ndiye aliyeniomba. Alinipigia magoti mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja. 'Sema ni mimi, mwanangu. Nakusihi.'"

"Mtu gani anaomba kunyongwa?"

Tatu alichungulia mlangoni, nyuma ya mgeni wake. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu. Ulimwona nani?"

"Mwanamke. Kanga imelowa damu, na tumbo la miezi saba."

Yusra akahesabu moyoni. Baba yake alizaliwa mwaka huohuo.

Simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa Bibi Hamisa.

"Umempata, mjukuu wangu?"

"Nimempata, bibi."

"Ameshasema," Hamisa akauliza taratibu, "au umemuwahi?"