Mtihani wa Kitandani

"Malaria," alisema mwanafunzi, na Bi Mgonjwa akatamani kumzaba kofi.

Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina: kulala kitandani pale chuoni na kuigiza ugonjwa, wanafunzi wa udaktari wajipime. Ugonjwa wa muhula huu aliuomba mwenyewe, saratani ya damu, ile inayokuja mbio. Mdogo wake aliondoka nayo huku kila daktari akimwandikia dawa za malaria. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu, amwone daktari hata mmoja anayeitambua mapema.

Lakini wapi. Alijieleza mpaka koo likamkauka. Homa haiishi. Akipanda ngazi kidogo, anahema. Akipiga mswaki, mate yanatoka na damu. Mikono imejaa alama za damu kuvilia, na hajajigonga popote. Mmoja akasema ni ujauzito. Mwingine akamshauri apumzike, asiwaze sana mambo ya nyumbani. Mtu mzima na akili zake, tena koti jeupe limenyooka kwa pasi.

"Siku hizi unaigiza kweli kweli," mwalimu wao alimnong'oneza. "Hata jasho unalitoa."

"Nimeshazoea," alijibu, naye alikuwa hoi. Watu wasiosikia wanachosha jamani.

Mwisho akaingia binti mmoja mpole. Huyu hakuridhika na mikono. Aliomba ruhusa, akafunua shuka, akatazama miguu.

"Na hivi vidoa vyekundu, mama, vimeanza lini?"

Vilikuwa vidogo kama ncha za sindano, vimetapakaa kuanzia magotini. Binti akavibonyeza, havikufifia.

"Hii naona ni saratani ya damu," alisema. "Upimwe leo hii, mama. Usingoje kesho."

Bi Mgonjwa nusura amkumbatie. Machozi yalimtoka, na hayo hayakuwa ya kuigiza. Kumbe wapo wenye macho.

Akaenda moja kwa moja kwa fundi wa vipodozi, aliyempaka rangi asubuhi yeye akiwa amesinzia kitini, kama kawaida yake siku hizi.

"Leo umefanya kazi, fundi. Vile vidoa vya miguuni ndivyo vilivyoniokoa. Ila rangi yako hiyo inatoka kwa sabuni gani? Jana nimesugua mpaka nikachoka."

"Rangi yangu? Hiyo hata kwa maji inatoka." Fundi alilowesha kitambaa, akampangusa mkono. Alama zote zikaondoka, kitambaa kikawa zambarau. Kisha akainama kutazama miguu.

"Dada," alisema taratibu, "miguuni mimi sijawahi kukupaka."

Bi Mgonjwa akacheka. Acha utani, alimwambia. Akachukua kitambaa kingine, akakilowesha, akasugua mwenyewe. Akasugua tena, kwa nguvu.

Kitambaa kilibaki cheupe.