Wingu la Mzee Kombo

Enzi hizo mtu akifa, aliyempenda alikesha usiku saba kwenye darubini, akipiga picha ya nyota iliyokufa, ile inayomwaga wingu la rangi. Siku ya arobaini picha ilitundikwa sebuleni, watu wakapima mapenzi kwayo.

Ya Bi Siwema, mjane wa Mzee Kombo, ilizishinda zote: pete ya kijani, moyo mwekundu.

"Wifi, ulikesha haswa," alisema Tabu, dada wa marehemu.

"Nilikesha."

Alikesha usiku mmoja. Wa pili usingizi ulimshinda, akaiomba simu imchoree wingu hilo, nayo ikamaliza kabla chai haijachemka.

Tabu akafungua pindo la kanga, akatoa picha yake mwenyewe. Doa la kijivu, limetikisika.

"Macho yangu unayajua, na mkono nao unatetemeka. Usiku saba nimeambulia hiki. Usinicheke." Akajaribu kutabasamu. "Kitendawili."

"Tega," akajibu Siwema.

"Nilipokufa ndipo nilipochanua."

"Nyota."

"Basi yangu haikuchanua. Tuiache yako hapo ukutani, wifi. Tusimwaibishe kaka mbele za watu."

Akaisukuma yake chini ya mkeka. Siwema akafungua kinywa aseme. Macho ya wageni yote yalikuwa kwake, yamejaa heshima. Akakifumba.

Wakamsogezea sinia la pilau, wakampisha akae. Alipoketi mkekani, karatasi ikalia chini yake.