Mshenga Ni Kompyuta

Kitasa cha mlango wa choo kilimbakia Verna mkononi, na mlango ukabaki umefungwa.

Alikuwa amejifungia humo kwa hiari, kompyuta mapajani, akiwakimbia washauri. Sasa hiari ilikwisha. Nje theluji ya Dakota ilikuwa imefika madirishani, na mumewe, Orrin, alitafuta bisibisi kwa utulivu wa mtu asiyefungiwa chooni.

Jioni hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa kupanga. Kwa Wamarekani, kompyuta ndiyo mshenga kati ya madaktari wapya na hospitali za kuwafunza. Kila upande hupanga kwa siri unaowataka, kuanzia namba moja hadi mkiani. Mashine huozesha, na mchumba hakataliwi. Tena ni mwiko kuuliza umewekwa wa ngapi.

Mwaka jana Verna alijidai mchaguzi. Aliandika majina matatu tu, yote ya kifahari, akaambulia patupu. Akikosa na mwaka huu, mafunzo ndiyo basi.

Usaili aliukumbuka kama watu wanavyokumbuka ajali. Alinunua suti ya kijivu. Alicheka vichekesho visivyochekesha. Alipoulizwa kwa nini aliipenda kazi hii, alijibu kama anayekariri, na yule wa Arizona akapiga miayo waziwazi. Yule wa Boston alitabasamu sana, lakini watu wa namna ile hutabasamia hata mbwa.

Akamweka wa Boston juu. Akamshusha. Akampandisha wa Arizona, akajiona hana haya.

"Mke wangu," Orrin alisema mlangoni, "weka unayemtaka, siyo unayedhani atakutaka. Si ndivyo unavyowahubiria watu kila mwaka?"

"Hao hawajakataliwa na dunia nzima kwa mpigo."

Orrin akachokoachokoa kitasa. "Na mimi uliniweka wa ngapi?"

"Ni mwiko kuuliza."

Verna akafumba macho. Ukweli ni kwamba moyo wake ulimtaka yule wa miayo. Wengine wote walimdanganya kwa adabu. Akamweka namba moja, akabonyeza, na mlango wa kurudi nyuma nao ukafungwa.

Ule wa choo ulifunguka baadaye kidogo. Daktari Verna Lindqvist, mkuu wa mafunzo ya madaktari wapya katika hospitali ya mji wao kwa miaka kumi na tisa, akatoka akiomba kimoyomoyo kwamba huko Arizona yule mwanafunzi wa miayo naye awe ameiandika hospitali yao, hata kama ni mkiani.