Kitabu Kisicho na Jalada

Tung. Kimya. Tung-tung. Kimya.

"Ansel, ndugu yangu," alisema Amos Pike, mpeleka barua, povu la sabuni likiwa nusu uso, "wimbo wenyewe unaanza lini?"

"Ndiyo huo."

"Huo? Mbona kama mtu anagongelea msumari, halafu anasahau uko wapi?"

Ansel Tuttle alikuwa kinyozi hodari kuliko wote mjini Elmira, na mkaidi kuliko wote pia. Aliegemeza banjo ukutani, akamaliza ndevu za Amos, akarudi kwenye kitabu chake cha mafunzo. Kitabu kilitaka ncha za vidole vitupu juu ya nyuzi za utumbo wa mnyama, basi. Penye msalaba, dole gumba. Penye nukta moja, kidole cha shahada. Penye nukta mbili, cha kati. Palipoandikwa nyamaza, unanyamaza. Na kitabu hiki, jamani, kilipenda kunyamaza!

Miezi saba alikuwa hivyo, na yote kwa ajili ya Lovisa, binti wa Mzee Gideon Whitcomb, mshona kofia. Mzee huyo ndiye aliyeongoza klabu ya banjo, na alikuwa ametamka waziwazi, mlangoni mwa kanisa, watu wote wakisikia: "Binti yangu haolewi na mtu asiyejua kupiga banjo kwa kusoma kitabu. Njoo ukumbini Jumamosi ya mwisho ya Mei. Ukiharibu, nisikuone tena barazani kwangu."

Kitabu alikileta Lovisa mwenyewe, pamoja na pai ya tufaha. Hakikuwa na jalada wala ukurasa wa kwanza. Vilikuwa vimekatwa kwa mkasi, nadhifu kabisa.

"Anza somo la kwanza, maliza la mwisho," alimwambia. "Usiruke kitu, na usimwombe mtu yeyote akufundishe."

"Lakini mbona hakiimbi, Lovisa?"

"We piga tu, mpenzi wangu. Utanishukuru."

Amos, ambaye siku ile aliila pai karibu yote, alikuwa na maoni yake. "Amekuchoka huyo, ila hajui akwambieje," alisema sasa, akijifuta sabuni masikioni. "Angekuwa anakutaka, angekupa kitabu kizima."

Neno hilo lilimchoma Ansel. Alinyoa watu wanne vibaya siku hiyo, na mmoja wao alikuwa hakimu.

Jumamosi ikafika, ukumbi ukajaa tangu saa nane mchana, Lovisa akiwa kiti cha mbele. Wanaklabu kumi na tisa walikaa nusu duara, banjo mapajani, Mchungaji Doane akiwa mwisho wa mstari. Walifungua kwa wimbo wa gwaride. Wote kumi na tisa waliuvamia wimbo uleule kwa mkupuo, kila mmoja akitaka asikike yeye, na huyu akimaliza kabla ya yule. Mzee Whitcomb alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Tuttle," aliita baadaye. "Ukurasa wa arobaini."

Ansel alifungua kitabu chake kwenye ukurasa huo. Tung. Kimya. Tung-tung. Kimya.

Kicheko kikatoka nyuma. Mchungaji akajiziba mdomo kwa leso. Amos alikuwa anaangalia viatu vyake, kwa sababu pamoja na maneno yake yote alimpenda rafiki yake. Ansel alisikia masikio yanawaka moto. Basi, nimemkosa, alijisemea. Lakini alikuwa amemwahidi Lovisa kutoruka kitu, kwa hiyo aliendelea, nukta kwa nukta, kimya kwa kimya.

Mzee Whitcomb akainuka. Alimwendea polepole, akautazama ukurasa, akavitazama vidole.

"Anza tena," alinguruma. "Na ole wako uache."

Alichukua banjo yake, akavuta kiti, akaanza kupiga wimbo wa dansi uliojulikana na kila mtu mle ndani. Pale Ansel alipogonga, wimbo ulikanyaga. Pale aliponyamaza, wimbo ulikimbia. Hakuna aliyecheka tena. Akina mama wa mstari wa mbele walianza kutikisa miguu chini ya sketi zao.

Walipomaliza, mzee alikuwa anafuta machozi bila aibu.

"Banjo ya pili!" alipaza sauti, akiwageukia wale kumi na tisa. "Miaka sita nawabembeleza nyie mabingwa, apatikane mtu mmoja tu wa kupiga sehemu ya pili, awashikie wenzake wimbo! Na kila mmoja ananijibu kwamba yeye hakuzaliwa kuwa msindikizaji! Huyu haondoki hapa. Nani alikufundisha, mwanangu?"

Ansel, aliyeelewa sasa kwa nini jalada lenye jina hilo lilikatwa, aligeuka amwonyeshe Lovisa, akakuta kiti chake kitupu. Lovisa alikuwa mwisho wa mstari, amemwinamia Mchungaji Doane, anamuuliza kama Jumamosi ijayo atakuwa na nafasi ya kufungisha ndoa.