Kuku Aliyeatamia Mche wa Mvule

Kuku mmoja aliliwa mayai yake yote na Kenge. Kwa uchungu akauatamia mche wa mvule. "Huyu haibiwi," akasema. Lakini chini ya mbawa zake jua halikuingia, na majani ya mche yakaanza kuwa manjano.

Mjusi, mpenda jua, akamwambia, "Mama, mpishe apate mwanga. Anakufa huyo!"

"Wewe unajua nini kuhusu malezi? Joto langu linamtosha."

Mjusi akaenda kwa Kenge. "Mjomba, Kuku ameatamia tena."

Kenge akaja mbio, anajilamba. "Inuka, bibi, nikupe hongera."

"Hakuna yai hapa, haki ya Mungu! Ni mti!"

"Basi sogea nione."

Kuku akasogea, jua likaumwagikia mche. Kenge hakuamini. Kila Kuku alipokaa, Kenge alirudi kumpekua, mpaka Kuku akaona heri asimame kando. Kwa kudra ya Mola mche ukanawiri.

"Mmeona malezi yangu?" Kuku akajisifu. Mjusi alicheka mpaka mkia ukamkatika.

Nakuomba, msikilizaji: unayempenda, mpishe apate jua. Nami uniombee, maana bado naatamia.