Posa ya Vitofali

Kidole cha Bi Zuhura kiligusa mlango mdogo kuliko kiberiti, kikausukuma, na mlango ukafunguka. Rashidi akainama kuutazama. Sabra, binti wa Bi Zuhura, hakuthubutu hata kukohoa.

Posa yao ilikuwa juu ya meza ile. Bi Zuhura, ambaye presha ya macho ilimnyima nuru mwaka uliopita, alikuwa ametoa sharti ambalo mtaa mzima pale Lushoto uliliangulia kicheko. Hataki mbuzi, hataki blanketi. Anataka nyumba yake iliyozolewa na maporomoko ya masika, kabla hajapofuka, ajengewe upya kwa vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea watoto, kila kitu mahali pake. Akikuta kosa, posa imekufa.

"Na usiweke usichokijua," alimwambia Rashidi. "Sitaki kubembelezwa."

Ungedhani alikuwa anatafuta sababu ya kumkataa. Wapi! Alimpa mtihani anaouweza. Rashidi, fundi pikipiki wa miaka thelathini na nane, na ndevu zote zile, hana ulevi mwingine ila vitofali. Huvinunua kwa magunia kwenye mitumba, huvipanga kwa rangi ndani ya makopo, na picha za kazi zake huwatumia watu wazima wenzake kwenye kundi lao la simu, wakabishana wiki nzima juu ya mwinamo wa paa. Aliwahi kuijenga barabara ya kupanda kutoka Mombo, kona zote, akaivunja yote kwa sababu ya kona moja. Kudanganya kwa vitofali hajui.

Shida ilikuwa moja, nayo si ndogo. Nyumba ile hakuwahi kukaribishwa ndani. Mzee Omari, baba wa Sabra, alipokuwa hai alimpokea uani, wote wamesimama, akamwambia wazi kwamba mwanamume anayechezea vitu vya watoto hamwozi binti yake. Wiki chache baadaye mzee akakutwa amekufa kitandani, siku ya gulio. Watu wakasema ni moyo. Haukupita mwezi, mlima ukateremka na nyumba.

Basi Rashidi alijenga kwa masimulizi ya Sabra. Kuna mahali walipishana, na hapo Rashidi akashika lake, eti Sabra amefanya kazi Tanga miaka mingi, amesahau. Sabra alinuna siku mbili, kisha akamwachia.

Sasa vidole vilikuwa sebuleni. Vikapapasa benchi, vikaingia jikoni, vikahesabu mafiga, vikapanda darini mahindi yanakokaushwa kwa moshi. Bi Zuhura akauliza ngazi ina vipandio vingapi. Vitano, Rashidi akajibu. Mama akavihesabu mwenyewe, vikawa vitano. Jasho lilimtiririka Rashidi mgongoni kama aliyebeba tenga la karoti kutoka bondeni.

Kisha Bi Zuhura akainua paa la chumba chake cha kulala.

Aligusa sanduku. Akagusa msumari wa kutundikia kanzu. Akafika kwenye kitanda, na hapo mkono ukasimama. Ukaondoka, ukarudi, ukaondoka, ukarudi tena.

Sabra alishamwambia Rashidi, jamani! Alimwambia kitanda kilikuwa ukutani, nyuma ya mlango, tangu yeye anazaliwa. Kiburi cha ufundi sasa kinawakosesha ndoa.

"Kitanda umekiweka chini ya dirisha," alisema Bi Zuhura.

"Ndiyo, mama."

Sabra akajitosa. Akamwomba mama asamehe, ni kosa dogo, mwenzake atakihamisha sasa hivi, dakika haiishi. Akanyoosha mkono akichukue. Rashidi akamzuia. Alikuwa amekasirika, na sauti yake ilikuwa ile ile anayobishania nayo kona na mapaa.

"Si kosa, mama. Kilikuwa hapo."

Bi Zuhura alikipapasa kitanda mara nyingine. Halafu akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Kweli," alisema. "Si kosa."

Sabra akashusha pumzi. Furaha ilimpanda, akamshika Rashidi mkono mbele ya mama yake, bila haya. Rashidi naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Siku ile ya gulio paa lilivuja," mama aliendelea, kiganja chake bado kimefunika kile kitanda. "Kabla sijaondoka kwenda sokoni, mimi na mzee tukakisogeza dirishani. Niliporudi nilimkuta ameshapoa. Nikakivuta kitanda mahali pake, nikamlaza aelekee kibla, ndipo nikapiga yowe watu waje."

Akamgeuzia Rashidi uso.

"Chini ya dirisha kilikaa nusu siku tu, baba. Na mzee alikuwa peke yake."